Usiache kazi kwa ahadi ya mtandaoni

Kwa kijana wa Mchinga, ajira ya kwanza mara nyingi iko mbali na nyumbani. Mshahara ni mdogo, na sehemu kubwa huishia kwenye kodi ya chumba na nauli. Ndiyo maana kazi ya mtandaoni inavutia: unaishi kwenu, unalipwa kwa dola. Kutamani hivyo si dhambi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), alimweka mtu mbele ya kazi.

Lakini kipimo hicho tukitumie na huko mtandaoni. Machi 2024, jukwaa la Remotasks lilisitisha kazi zake Kenya. Vijana waliolitegemea waliarifiwa kwa barua pepe, wakabaki bila kazi na bila ofisi ya kwenda kudai. Mei mwaka huohuo, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania. Siku kama hizo, anayelipwa kwa kipande halipwi.

Sisemi tung'ang'anie kila ajira. Nasema usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ahadi. Anza jioni, ukiwa bado na mshahara. Dai mkataba unaomtaja mwajiri. Jiandikishe NSSF mwenyewe, maana huko hakuna wa kukuchangia.

Kufanyia kazi nyumbani ni jambo jema. Ila kama mwajiri hajui hata jina lako, hujapata uhuru; umebadili tu bosi unayemwona kwa bosi usiyemwona.