Fowili Ndogo Si Gari la Mtoto Mchanga

Imani kwamba gari dogo la fowili ndilo chaguo la busara kwa familia changa ipo kila mahali penye barabara mbovu, na katika kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, imeota mizizi. Hoja yake ni fupi: njia ni ya tope, mtoto anaweza kuugua usiku wa manane, basi inunuliwe Suzuki Jimny, Escudo fupi au Pajero Mini, kigari chepesi kisichokwama. Hoja hiyo inajibu swali moja tu, la kama gari litapita. Haiulizi mtoto atakaa wapi, atafungwa na nini, wala mama yake ataingiaje. Kwenye maswali hayo matatu kigari hiki kinaanguka, na kinaanguka kwa sababu zilezile zinazokifanya kisifiwe.

Sifa zenyewe si za uongo. Jimny ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1970, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana: fremu ya chuma chini ya bodi, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Ile iliyotoka mwaka 2018 ina uzito wa takribani kilo 1,100, na tumbo lake liko sentimeta 21 juu ya ardhi. Kwenye mbuga za mpunga za Tindiga na Kilangali, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi hunyonya maji ya masika na kugeuka ulimbo, wepesi huo ni mali. Gari zito huzama hadi kwenye ekseli. Kigari cha kilo 1,100 hukwaruza juu juu na kupita, mradi tairi zake si vipara. Tairi kipara halina fowili.

Kodi nayo imechangia. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoingizwa Tanzania hupangwa kwa ukubwa wa injini, na injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi kwa kigezo hicho. Pajero Mini na Jimny za soko la Japani, zenye injini ya cc 660 hivi, zinanufaika hapo. Lakini gari lililopita miaka kumi hubeba tozo ya uchakavu ya asilimia 30, na Pajero Mini, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2012, sasa haiwezi kuikwepa. Mnunuzi anayedhani amepata gari la bei ndogo huwa amepata gari la zamani. Gari la zamani kwa kawaida lina mikanda iliyochoka na mifuko ya hewa ambayo hakuna anayejua kama bado inafanya kazi.

Kuhusu mahali pa mtoto kukaa, kifupi cha aina hii kina mlango mmoja kila upande. Abiria wa nyuma huingia kwa kukunja kiti cha mbele, kuinama, na kujipenyeza kati ya kiti na nguzo ya mlango. Kijana wa miaka ishirini hufanya hivyo huku akicheka. Mama anayetoka Hospitali ya Wilaya ya Kilosa siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua kwa upasuaji hawezi. Mshono uko tumboni, mtoto yuko mikononi, na hatua ya kuingia iko juu kuliko ya gari la kawaida. Kinachofuata kinafahamika: mama hukaa mbele na mtoto mapajani, bibi ndiye anayesukumwa nyuma na mabegi. Mtoto amewekwa mahali pa hatari kuliko pote ndani ya gari, na si kwa uzembe wa mtu. Umbo la gari limeamua.

Na akiwekwa nyuma, kuna joto. Vioo vya pembeni vya nyuma kwenye Jimny ya milango mitatu havifunguki. Eisii ikiwa imekufa, kama ilivyo kwenye magari mengi ya umri huo, hewa ya nyuma ni ile inayobaki baada ya dereva na wa mbele kuipata. Vioo vya mbele vikifunguliwa kati ya Kilosa mjini na kata ya Ulaya wakati wa kiangazi, vumbi jekundu huingia na kutua huko nyuma. Dereva hulipangusa usoni na kuendelea. Mtoto wa miezi miwili hana la kufanya ila kulivuta.

Sehemu ya imani hii iliyo hatari zaidi ni ile isiyosemwa, kwamba gari lililo juu na lenye fowili ni salama zaidi. Fowili husaidia gari kuondoka. Haisaidii kusimama. Breki za Jimny hushika magurudumu manne, kama za Vitz au IST, na kwenye changarawe zote huteleza. Zaidi ya hapo, fowili ya kuchomeka kwa lever ya mtindo wa zamani haina difu ya katikati, kwa hiyo haitakiwi kutumika kwenye lami kavu. Dereva aliyefika barabara kuu huendesha gari la kuvutwa na magurudumu ya nyuma tu. Kimo ndicho kinachobaki, na kimo juu ya gari jembamba na fupi huongeza uwezekano wa kupinduka pale usukani unapokatwa ghafla.

Na usukani hukatwa ghafla. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, ikibeba malori ya Zambia na Kongo kwenye lami moja na pundamilia, nyani na twiga. Familia ya Tindiga inayopitia Mikumi kwenda Morogoro haina budi kukatiza hapo. Kwenye kipande hicho gari la kuaminika ni lenye kitovu cha uzito kilicho chini na gurudumu la mbele lililo mbali na la nyuma. Jimny fupi ina mita 2.25 kati ya ekseli mbili. Umbali huo mdogo ndio unaoifanya ivuke tuta la shamba bila kukwaruza tumbo, na ndio unaoifanya itikise kichwa mbele na nyuma kwenye kila shimo. Mtu mzima hulalamikia mgongo. Mtoto ambaye shingo yake bado haijashika hujibu kila shimo kwa kichwa, na kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake.

Hapa watetezi wa kigari huwa na jibu, na jibu lenyewe linastahili kupimwa. Taasisi ya Ulaya ya kupima usalama wa magari, Euro NCAP, iliipima Jimny mpya mwaka 2018 na kuipa nyota tatu kati ya tano. Ulinzi wa mtu mzima ulipata asilimia 73, wa mtoto asilimia 84. Kwa hiyo mtoto yuko salama kuliko baba yake? Midoli iliyotumika kwenye mgongano ilikuwa na maumbo ya watoto wa miaka 6 na 10, na ilikuwa imefungwa kwenye viti vya watoto. Alama ile ni ya mtoto aliyefungwa. Kwa mtoto aliyepakatwa, asilimia 84 haina maana yoyote, na vigari vya miaka ya 1990 vinavyouzwa sasa si gari lililopimwa.

Kupakata ndiko kunakozoeleka, na kuna imani yake pia, kwamba hakuna mkanda unaoshinda mikono ya mama. Hesabu inakataa. Gari likigonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 7 huvuta mikono iliyomshika kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 100, yaani gunia la mpunga. Hakuna mama anayelizuia gunia linaloruka. Mama mwenyewe akiwa hajafunga mkanda, uzito wake humbana mtoto kwenye dashibodi. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kilichofungwa kwa mkanda wa gari, hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa zaidi ya nusu, kwa sababu mgongo wote hupokea pigo badala ya shingo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, jinsi ilivyotungwa, haikuweka sharti la kiti cha mtoto. Trafiki wa pale Mikumi hukagua mkanda wa dereva na wa abiria wa mbele, na mtoto mapajani hupita bila kuulizwa.

Kiti kinachotazama nyuma kinahitaji nafasi. Kwenye Jimny fupi, kikiwekwa nyuma, kiti cha mbele hulazimika kusogezwa hadi magoti ya abiria yaguse dashibodi, na kila safari mzazi humwingiza mtoto na kumfunga kupitia upenyo ule ule wa kiti kilichokunjwa. Baada ya wiki mbili kiti hicho hurudi ndani kuwekewa nguo. Kukiweka mbele, penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ni kosa kubwa zaidi: mfuko hufumuka nyuma ya kichwa cha mtoto.

Mizigo isemwe kwa kifupi. Buti la Jimny fupi, viti vikiwa wima, ni lita 85. Familia ya bondeni husafiri na beseni, ndoo, begi la nepi, kuku wawili wa shangazi na jirani aliyeomba lifti hadi Kilosa. Kwenye gari la watu wanne, jirani huyo hupewa nafasi ya kiti cha mtoto, maana hakuna anayemwacha mzee barabarani ili kiti kitupu cha plastiki kisafiri. Watengenezaji wenyewe wanaonekana kulielewa jambo hili. Ulaya, masharti ya moshi yalipobana, Jimny ilirudi sokoni kama gari la mizigo la viti viwili, na mwaka 2023 ikaanza kuuzwa India yenye milango mitano, ekseli zikitenganishwa kwa mita 2.59.

Linabaki suala la mto, ambalo ndilo huuza vigari hivi kuliko lingine lolote. Maji ya Miyombo na Mkondoa yakishuka kutoka milimani hutandaa bondeni, na Kilosa inayakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyobomoa nyumba na kung'oa reli ya kati. Imani inasema siku kama hiyo ndipo fowili inapolipa. Ni kinyume chake. Maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimeta 30 yanatosha kulielesha gari dogo, na sentimeta 60 huchukua magari mengi, yawe ya fowili au la. Gari jepesi huinuka mapema. Uzito mdogo uliosifiwa kwenye tope ndio unaoligeuza mtumbwi usio na kafi. Mbaya zaidi, dereva wa Vitz husimama ukingoni na kugeuza, wakati dereva wa fowili hujaribu.

Familia yenye mtoto na njia ya tope haihitaji muujiza. Inahitaji milango mitano, viti vya nyuma vyenye mikanda ya pointi tatu inayovutika, na fowili ikiwezekana. RAV4 ya milango mitano, Escudo ndefu, Noah ya fowili, hata Probox ya fowili, ambayo hakuna anayejivunia kuipiga picha, zote zinampa mama mlango wake na mtoto kiti chake. Zitakwama mara moja au mbili ambazo Jimny ingepita. Zitasukumwa, na vijana wa kusukuma hawajawahi kukosekana Tindiga. Kabla ya kulipa, mnunuzi anyanyue makava ya viti, maana mikanda ya nyuma mara nyingi imezikwa chini yake na vifungio vimejaa mchanga. Kiti cha mtoto cha mtumba kikaguliwe plastiki isiwe na ufa na lebo ya viwango iwepo. Mtoto mchanga asikae humo muda mrefu mfululizo; safari ikatwe, atolewe, anyonyeshwe.

Kuhusu dharura ya usiku, mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, hupokea simu ya bure kwa namba 115 na kutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale gari la wagonjwa lisipopatikana, kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini. Na kwa mjamzito anayekaribia siku zake wakati wa masika, kuhamia kwa ndugu wa Kilosa mjini au Mikumi, karibu na hospitali ya Mtakatifu Kizito, wiki chache kabla, kunafanya kazi ambayo hakuna gari linaloweza kuifanya mto ukiwa umejaa.

Kifupi cha milango mitatu kinabaki na wenyewe. Bwana shamba anayezungukia majaruba peke yake, mfugaji anayefuata ng'ombe mbugani, mwenye duka anayepeleka soda vijijini: hawa watatumia kila sentimeta ya tumbo lililo juu, na kiti cha nyuma watakikunja siku ya kwanza wasikifungue tena.