Kidole Chako Kisimtumikie Muuaji



Ndugu wanafunzi, na wazazi wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Waliopanga walidai wanapigana na Marekani. Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Walikufa Waafrika, wakiwemo Waislamu wenzetu.

Wakati ule habari zilifika huku kwetu kwa redio, zikiwa zimepita kwa mhariri. Leo simu ya kijana wa Bariadi hupokea picha za mauaji kabla damu haijakauka, tena kutoka kwa mtu asiyemjua. Mhariri sasa ni kijana mwenyewe. Je, anaijua kazi hiyo?

Tutazame mfano unaotuuma. Ijumaa ya Machi 15, 2019, mtu mwenye silaha aliingia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, akaua Waislamu 51. Alijifunga kamera na kurusha mauaji hayo moja kwa moja kwenye Facebook. Kampuni hiyo ilieleza kuwa ndani ya saa 24 iliondoa au kuzuia nakala milioni 1.5 za video hiyo. Nani alizisambaza, na muuaji alikwishakamatwa? Ni watu wa kawaida. Wengine walituma kwa chuki, wengine kwa uchungu, lakini wote walimfanyia kazi aliyoitaka: aonekane.

Basi tusipime kwa mizani mbili. Anayesambaza video za al-Shabaab naye anawafanyia kazi hiyo hiyo, bila mshahara.

Wazazi, msidhani jambo hili ni la watoto wasiosoma. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wengi wao wanafunzi. Serikali ya Kenya ilieleza kuwa mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Baba yake alikwishatoa taarifa kuwa mwanawe ametoweka. Baba alitimiza wajibu wake, lakini mtoto alikuwa amekwishakwenda. Ndiyo maana mazungumzo ya nyumbani yaanze mapema.

Wapo watakaosema: tukinyamaza, nani atasema dhuluma wanayofanyiwa Waislamu, Palestina na kwingineko? Hatusemi tunyamaze. Sema kwa habari iliyothibitishwa, omba dua, toa sadaka kwa njia halali. Kusambaza maiti ya ndugu yako si kumtetea.

Serikali nayo ina wajibu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ililalamikiwa sana na Waislamu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta Juni 2021. Haki inayocheleweshwa hivyo huwapa maneno wale wanaowarubuni vijana. Mkosaji ahukumiwe kwa ushahidi, asiye na kosa arudi kwa watoto wake.

Kwetu sisi, Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwa simu zetu, maana yake ni hii:

1. Usitume usichokijua. Uliza: nani kasema, lini, wapi? Kumbuka pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

2. Mtu usiyemjua akikuita kwenye kundi la siri, akikuahidi safari, kazi au pepo kwa kumwaga damu, mwambie mzazi au ustadhi siku hiyo hiyo.

3. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole. Usimsajilie mwingine. Piga *106# uone namba zilizo kwa jina lako.

4. Mzazi na ustadhi, kijana akija na swali zito, msimfokee. Akifukuzwa kwenu, atalipeleka kwa yule wa kwenye simu, na huyo hamfokei.

Huku Simiyu tunaishi na majirani wa dini nyingine. Tunalima pamba pamoja na kuzikana pamoja. Ujumbe mmoja wa uongo unaweza kuuharibu ujirani huo kwa usiku mmoja. Kabla hujabonyeza, kumbuka kuwa hata kidole kitatoa ushahidi Siku ya Kiyama.

Allah (s.w.) atuhifadhi na atuongoze. Amin.