Sumu Tuliyoipa Jina la Dawa

Hivi karibuni nilisimama katika yadi moja ya mbao hapa Mwanza, nikitafuta mbao za kenchi. Kijana mmoja alikuwa akiopoa mbao kutoka kwenye pipa la majimaji ya kijani na kuzianika. Hakuwa na glavu wala buti. Nilipomuuliza kilichokuwa kikimchuruzika mikononi ni nini, alijibu kwa adabu: "Ni dawa, mwalimu."

Pipa halikuwa na lebo. Yeye hakujua lina nini, nami sikuweza kumweleza.

Mchanganyiko uliotumika duniani kwa miongo mingi kukinga nguzo na mbao ni wa shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huzuia ukungu, aseniki huua mchwa, na kromiamu huzishikiza zote mbili ndani ya mti. Aseniki, pamoja na kromiamu ya aina inayotumika humo, zimewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hatari ni kubwa zaidi mbao zikiwa bado mbichi, kabla kemikali hazijashika. Vumbi la msumeno nalo lina sumu, na vipande vikigeuzwa kuni, aseniki hutoka na moshi na kubaki katika majivu. Nchini Marekani viwanda viliacha kuutumia mchanganyiko huo kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Hata oili chafu tunayopaka fito si salama kwa ngozi inayoigusa kila siku.

Je, hatuna sheria? Tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi OSHA, atoe vifaa vya kinga na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha mfuko unaochangiwa na mwajiri, si mfanyakazi, na unaofidia pia magonjwa yatokanayo na kazi.

Utetezi unaosikika daima ni huu: "Huyu ni kibarua tu, si mwajiriwa wangu." Utetezi huo ni dhaifu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa walau kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kimetimia: kwa mfano, anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana wa pipani huzimaliza saa hizo ndani ya wiki moja.

Nakubali kwamba mchwa hana huruma, na mwenye nyumba anahitaji mbao zinazodumu. Nakubali pia kwamba mitaji ya yadi nyingi ni midogo. Lakini glavu, buti na lebo si gharama ya kufunga biashara. Halmashauri zinazotoa leseni, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, zinaweza kuanza kwa kudai cheti cha usajili wa OSHA na orodha ya kemikali zilizomo yadini kabla ya kuhuisha leseni. Haihitajiki sheria mpya wala Bunge kukutana.

Ninalolihofia zaidi ni muda. Saratani ya aina hii huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Kijana huyu akifika Bugando akiwa na umri wa miaka hamsini, yadi itakuwa imeshafungwa, pipa limeshauzwa, na jina lake halimo katika daftari lolote. Atakapoulizwa alikuwa akishika nini ujanani, atajibu alivyonijibu mimi: dawa.