Heshima ya Askari Wetu wa Burma

Ziko nyumba Njombe na Makambako ambazo babu zao walivaa sare ya Keya, wakavuka bahari kwenda kumpigania mfalme asiye wao. Watanganyika kama 87,000 waliingia jeshini katika vita ya 1939 hadi 1945. Batalioni ya 26 na ya 36, zote za Tanganyika, ziliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, kwenye mvua, matope na malaria. Mbena, Mkinga, Mhehe na Mnyamwezi walilala handaki moja, lugha yao Kiswahili. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa askari wa Burma vile vile, na mwaka 1954 walikuwa miongoni mwa waliounda TANU.

Wakubwa wa jeshi walikuwa na gazeti la Kiswahili la askari, wakaliita Heshima. Jina zuri kweli! Lakini vita ilipokwisha, bahashishi ya Mwafrika ilikuwa kama theluthi tu ya ile ya Mzungu wa cheo kile kile. Akapewa na nishani, Nyota ya Burma, yenye taji na herufi za jina la Mfalme. Jina la askari mwenyewe halikuchorwa.

Watazameni Wagurkha wa Nepal, waliopigana Burma hiyo hiyo chini ya Mwingereza huyo huyo. Wao walidai. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza ilikubali wastaafu wao wa zamani wakakae kwake. Mwaka 2021 baadhi yao walisusa kula mbele ya ofisi ya Waziri Mkuu, London, wakitaka pensheni iliyo sawa. Mimi binafsi nisingependa mzee wetu amalizie siku zake akibisha hodi kwa bwana wa zamani. Lakini Wagurkha walijijua ni nani na ni wangapi. Sisi je, tunayo hata orodha?

Tusimngoje Mwingereza atuandikie. Vita ya 1914 ilipita hapa hapa Njombe mwaka 1916, ikachukua wapagazi na askari. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kwamba wafu wa vita hiyo wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja imepita!

Halmashauri za Njombe na Makambako zinao watendaji katika kila kijiji na mtaa. Wapite nyumba kwa nyumba na daftari: nani alikwenda, batalioni gani, nani hakurudi. Majina hayo yachongwe kwenye jiwe pale njia panda ya Makambako, barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, abiria wayasome wakingoja basi. Waanze mwezi huu, na waanze kwa watoto wa askari hao, kwa maana nao sasa ni wazee.