Saa 1,000 za rubani wa mizigo

Wanafunzi wengi wakiulizwa wangependa kazi gani, hutaja urubani. Sababu zao zajulikana: sare nadhifu, mshahara mnono na kuiona dunia. Baadhi yao huongeza jambo jingine. Wamesikia kwamba huko Marekani rubani wa shirika kubwa haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka. Wakizigawa kwa wiki 52, wanapata kama saa 19 kwa wiki. Karani wa ofisi hufanya saa 40. Kumbe rubani ni mtu wa kustarehe!

Hesabu hiyo haina kosa, lakini imeficha mengi, hasa kwa rubani wa ndege za mizigo.

Kwanza, tuangalie kinachohesabiwa. Saa za kuruka huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, na hukoma inapoegeshwa tena mwisho wa safari. Kufika uwanjani mapema, kusoma habari za hali ya hewa, kupima mafuta na uzito wa shehena, kungojea mzigo wa mwisho upakiwe, yote hayo ni kazi, lakini hayaingii katika zile 1,000. Wala siku anazokaa hotelini katika mji wa ugenini, mbali na mkewe au mumewe na watoto, hazimo.

Pili, ni saa za wakati gani? Mizigo husafiri watu wakiwa wamelala. Kampuni ya FedEx ilipoanza safari zake mjini Memphis mwaka 1973, ilitumia mtindo wa kukusanya vifurushi jioni, kuvipeleka kituo kimoja, kuvichambua usiku wa manane, kisha kuvitawanya kabla ya kupambazuka. UPS nayo ina kituo kikubwa cha aina hiyo Louisville. Hapa kwetu, maua ya Naivasha hupakiwa Nairobi na kusafirishwa hadi Amsterdam, safari ya kama saa nane angani. Ua halingojei, likichelewa hunyauka.

Shida ni kwamba mwili wa binadamu haukuumbiwa zamu hiyo. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, akili hupungua wepesi hata kwa mtu aliyezoea. Naye akirudi nyumbani kulala, jua linawaka, simu inalia na watoto wanacheza. Usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi.

Matokeo yake yameandikwa katika ripoti. Agosti 18, 1993, ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka Guantanamo, Cuba, ikijaribu kutua. Watu watatu waliokuwamo walijeruhiwa vibaya lakini walipona. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba nahodha alikuwa hajalala kwa zaidi ya saa 23, wakataja uchovu kuwa miongoni mwa visababishi vya ajali.

Agosti 14, 2013, ndege ya UPS iliyotoka Louisville ilianguka karibu na uwanja wa Birmingham, Alabama, muda mfupi kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Marubani wote wawili walikufa. Kosa kuu lilikuwa kuendelea kushuka bila kuangalia vyema kimo cha ndege. Lakini uchovu wa rubani msaidizi ulitajwa pia, kwani hakuwa ameitumia ipasavyo nafasi yake ya kulala.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha andika sheria mpya za mapumziko, baada ya ajali ya ndege ya abiria karibu na Buffalo iliyoua watu 50 mwaka 2009. Zilipoanza kutumika Januari 2014, marubani wa abiria walihakikishiwa mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na nafasi ya kulala saa nane mfululizo ndani yake. Marubani wa mizigo hawakuingizwa. Serikali ilisema gharama ingeishinda faida. Usingizi, kwa hiyo, ulipimwa kwa shilingi na senti, ingawa anga ni ile ile na uchovu ni ule ule. Ulaya walifanya vingine: kikomo cha saa 900 kwa mwaka wa kalenda huwabana marubani wa abiria na wa mizigo sawasawa.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumlalia mtu. Wachunguzi wa ajali ya Birmingham walisema ratiba ya marubani wale isingevunja hata zile sheria mpya.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayeitamani kazi hii, usikatishwe tamaa. Ni kazi ya heshima, na dunia inaihitaji. Lakini unapoulizia mshahara, ulizia pia saa za zamu, idadi ya usiku kwa mwezi, na kama rubani anayesema "nimechoka" husikilizwa au hufokewa. Nanyi jamaa zake, akilala saa nne asubuhi msimwite mvivu. Fungeni mapazia, mpunguze redio. Hapo mnailinda kazi yake, na uhai wake.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.