Kuhifadhi Kutangulie Hesabu

Walimu wanaoanza kufundisha utungaji wa programu za kompyuta aghalabu hutanguliza hesabu: jumla, wastani na nafasi darasani. Habari ya kuhifadhi matokeo huachwa hadi mwishoni, kana kwamba ni kazi ya karani. Sisi hatuafikiani na utaratibu huo.

Tuchukue programu ya alama za Darasa la Tano katika shule ya Kilosa mjini. Programu inapofanya kazi, majina na alama hukaa katika kumbukumbu ya muda. Programu ikifungwa, au umeme ukikatika, vyote hutoweka kama maandishi ya ubaoni yaliyokwisha kufutwa. Mtoto aliyetaabika kuingiza alama za wenzake 45 hataipenda kazi hiyo tena.

Basi ziandikwe diskini. Ugumu wake, ndugu wanachuo, haufundishwi vya kutosha. Ndani ya kumbukumbu, mwanafunzi huunganishwa na alama zake kwa anwani, yaani mahali zilipo wakati ule. Programu ikianzishwa upya, anwani ile haina maana tena. Kuiandika katika faili ni sawa na kuandika katika daftari la mahudhurio “yule akaaye karibu na dirisha”: madawati yakihamishwa, hajulikani ni nani. Kwa hiyo kila mwanafunzi apewe namba, alama zake ziandikwe pamoja na namba hiyo, na programu ikifunguliwa isome mstari kwa mstari na kuviunganisha upya.

Twapendelea maandishi ya kawaida, mathalani kwa mpangilio wa JSON, kuliko njia ya Python iitwayo pickle, ingawa hiyo ya pili hukamilisha kazi kwa amri moja. Mtoto akihamia Mikumi, mwalimu wa huko mwenye programu nyingine aweze kuzisoma alama zake, hata kwa macho. Tena faili la pickle litokalo kwa mtu asiyeaminika laweza kuficha amri za madhara, zikatekelezwa linapofunguliwa.

Wala faili jipya lisiandikwe moja kwa moja juu ya la zamani. Umeme ukikatika katikati, la zamani limekwenda na jipya halijatimia. Liandikwe pembeni, likikamilika ndipo lichukue jina la lile la kwanza. Na nakala moja haitoshi. Mafuriko ya mto Mkondoa yaliyoikumba Kilosa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu hata Reli ya Kati, sembuse diski iliyomo kabatini! Nakala ya pili ikae mbali, tuseme Mikumi.

Katika kumpima mwanafunzi, kutuonyesha kwamba faili lipo hakutoshi. Aingize alama, afunge programu, azime kompyuta kabisa, aiwashe tena, kisha atusomee alama za mtoto wa mwisho katika orodha.