Je, Tuiache Python ya Zamani?

Katika chama chetu cha kompyuta pamezuka ubishi, nami sioni vema kunyamaza. Programu tunayotumia kutafuta wastani wa alama za mitihani iliandikwa kwa Python 2 na wenzetu waliotutangulia. Wengine wasema iachwe ilivyo, maana haijatusumbua. Wengine wataka tuhamie Python 3 mara moja, kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula.

Hao wa kwanza siwacheki, kwani kuhama si mchezo. Python 3 ilitolewa Desemba 2008, na kwa makusudi haikupatana na ile ya kale. Watu walisitasita sana, hata siku ya kuiacha Python 2, iliyokuwa imewekwa mwaka 2015, ikasogezwa mbele mpaka tarehe 1 Januari 2020. Tangu hapo wenyewe hawaitengenezi tena.

Lakini si kweli kwamba haijatusumbua. Tumesumbuliwa bila kujua. Python 2 ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, huitupa sehemu inayobaki. Mwanafunzi mwenye alama 395 katika masomo 6 huandikiwa wastani wa 65, na mwenye 390 naye huandikiwa 65. Nimefanya hesabu hiyo kwa kalamu: wa kwanza alistahili 65.83. Je, ni haki wawili hao walingane? Nukta moja tu ndani ya programu ingalizuia jambo hili, lakini haikuandikwa, wala sisi hatukukagua.

Python 3 hugawa sawasawa, na hapa ndipo ninapoachana na wenye haraka. Neno «print» likiandikwa kwa mtindo wa zamani, bila mabano, Python 3 hukataa papo hapo, nawe wajua pa kutengeneza. Mgawanyo haupigi kelele. Tukiwagawa wanafunzi 45 wanne wanne kwa mistari ileile ya zamani, tutaambiwa kuna makundi 11.25, na programu itaendelea na safari yake!

Basi tuhame, ila si wiki ya mtihani. Muhula huu zote mbili zipewe alama zilezile, na kila majibu yanapotofautiana, mtu akae na kalamu. Nanyi mlioiandika, kama mwasoma ukurasa huu huko mliko, tafadhali tuandikieni mtueleze mlikusudia nini katika mstari wa 112. Hakuna hapa anayethubutu kuugusa.